Mpe Binti Yako Faili Lake

BARUA

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro na ninauza nafaka sokoni. Binti yangu wa kwanza ana miaka 17, yuko kidato cha nne. Alizaliwa na ugonjwa wa moyo ambao madaktari waliuita Tetralojia ya Fallot. Alipokuwa mdogo, akilia midomo na kucha zinageuka bluu. Akicheza na wenzake, baada ya muda mfupi anachuchumaa chini akihema. Alipofika miaka minne tukapata rufaa ya kwenda India, akapasuliwa, na tangu hapo amekua kama watoto wengine. Kila mwaka tunakwenda kliniki ya watoto Dar es Salaam, anapigwa eko, ile picha ya moyo, tunarudi nyumbani.

Safari iliyopita daktari alisema akifikisha miaka 18 atahamia kliniki ya watu wazima. Foleni ilikuwa ndefu, hakueleza zaidi. Tulipotoka nje binti akaniambia, "Mama, mimi nimeshapona. Siendi kukaa na wazee wenye presha." Tarehe ya mwezi wa sita ilipofika alisema ana mtihani wa majaribio, tukaikosa. Tangu hapo ukitaja kliniki anainuka na kuondoka.

Akifaulu atapangiwa kidato cha tano, na shule inaweza kuwa Tabora au Songea, tena ya bweni. Mimi ndiye ninayejua kila kitu, Shangazi. Faili liko kwenye mkoba wangu, tarehe ziko kichwani mwangu. Yeye ukimuuliza alipasuliwa nini, anajibu "moyo" basi. Sijawahi hata kumwachia abebe ndoo ya maji. Mama mkwe naye anasema tusiandike habari hizi kwenye fomu za shule wala tusizitaje kwa watu, maana binti hataolewa. Na kuna swali ninaloona aibu kumuuliza daktari mbele ya mwanangu: ataweza kuzaa?

Nimlazimishe? Au nimwache kwa kuwa kweli anaonekana mzima?

Mama mwenye wasiwasi, Morogoro

JIBU

Usimwache, mwanangu. Binti yako anahitaji kuonwa na daktari wa moyo maisha yake yote. Lakini kumlazimisha nako hakutakufikisha mbali, kwa sababu mwakani huenda akawa mamia ya kilomita kutoka kwako, na hakuna mama anayeweza kumshika mkono mtu mzima hadi kliniki. Kilichobaki ni kazi moja, nayo ina muda mfupi: kumkabidhi moyo wake aujue na ausimamie mwenyewe, kabla hajapanda basi la kwenda bweni.

Nianze na hilo la kusema amepona, kwa sababu nadhani hata wewe moyoni unalisema, unaogopa tu kulitamka. Kule India madaktari waliziba kwa kiraka tundu lililokuwa kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, kisha wakapanua njia nyembamba inayopeleka damu kwenye mapafu. Kazi hiyo ndiyo iliyoondoa rangi ya bluu na kule kuchuchumaa. Ila njia ile inapopanuliwa, mara nyingi valvu iliyopo hapo hubaki haifungi sawasawa. Kila moyo unapopiga, sehemu ya damu iliyokwenda mapafuni inarudi kwenye chumba cha chini cha kulia, na chumba hicho hutanuka kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Mwenyewe hahisi kitu. Anasoma, anacheza netiboli, anaimba kwaya. Anaweza kuendelea hivyo hadi miaka ya ishirini au thelathini, ndipo aanze kusikia mapigo yanakwenda mbio bila mpangilio, au achoke kwa kupanda ngazi, au azirai. Wakati huo msuli wa moyo unaweza kuwa umeshachoka kiasi ambacho matibabu hayaurudishi ulivyokuwa.

Eko ya kila mwaka inatafuta jambo hilo. Humwonyesha daktari chumba kinavyotanuka kabla binti hajasikia chochote, ili kama valvu mpya itahitajika iwekwe kwa wakati wake. Si wote wanaoihitaji, na siku hizi baadhi yao huwekewa kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa paja bila kufungua kifua tena. Kwa hiyo anavyojiona mzima ni kweli ni mzima, na bado kliniki ni lazima. Mweleze hivyo hivyo, kwa maneno ya kawaida. Usimtishe na kifo. Kijana anayetishwa kila siku hufika mahali akaziba masikio.

Pengine unajiuliza mbona hukuambiwa haya yote mapema. Elimu yenyewe si ya zamani. Mwaka 1944 kule Baltimore, Marekani, Alfred Blalock, Helen Taussig na fundi wao Vivien Thomas ndio waliopata njia ya kuwaongezea damu ya mapafuni watoto waliozaliwa na midomo ya bluu, na ukarabati kamili wa kasoro hii ulifanywa mara ya kwanza mwaka 1954 kule Minnesota, chini ya Dk. C. Walton Lillehei. Kabla ya hapo wengi wa watoto hawa hawakufika utu uzima. Leo nchini Marekani watu wazima waliozaliwa na kasoro za moyo ni wengi kuliko watoto wenye kasoro hizo. Kwetu safari hii imechelewa zaidi kuanza. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianzishwa mwaka 2015, na kabla yake watoto wetu wengi walipasuliwa nje, hasa India. Watoto wa safari zile, binti yako akiwa mmojawapo, ndio sasa wanaota ndevu na kuvunja ungo, ndio wanaojaza fomu za vyuo. Madaktari wa watu wazima waliozoea presha na mishipa ya moyo iliyoziba nao ndio wanaanza kukutana nao kwa wingi. Njia hii haijakanyagwa na wengi, kwa hiyo mama na binti hamna budi kuuliza maswali mengi.

Hata kwenye nchi tajiri vijana hawa hupotea njiani. Watafiti wa Toronto, Kanada, waliwafuatilia vijana 360 waliokuwa wagonjwa wa moyo katika hospitali ya watoto, na mwaka 2004 wakachapisha walichokiona. Waliofika salama kwenye kliniki ya watu wazima walikuwa asilimia 47 tu. Zaidi ya robo hawakuwa wamekwenda kliniki yoyote ya moyo tangu walipotimiza miaka 18. Na katika mambo yaliyowatofautisha waliofika na waliopotea, liko moja ninalotaka ulishike, nalo ni kuingia kwa daktari bila mzazi wala ndugu. Lingine ni kwamba kwenye faili kulikuwa kumeandikwa wazi mgonjwa aende wapi baada ya hapo.

Kwa hiyo kliniki ijayo, mkifika mlangoni, mwache aingie peke yake kwanza. Mwambie daktari au muuguzi mapema kwamba ndivyo unavyotaka. Wewe utaitwa baadaye, useme yaliyosahaulika na usikie maagizo. Najua itakuuma. Nimekuwa muuguzi wa wodi ya watoto kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nimewaona akina mama wakijibu hata swali la "unalala vizuri?" ilhali kijana wa miaka kumi na saba amekaa pale pale anaangalia dari. Hakuna ubaya wowote katika upendo huo. Ila kijana huyo akitoka hapo hana hata neno moja la kwake juu ya mwili wake.

Wewe ni mfanyabiashara, unajua jinsi mtoto anavyofundishwa meza. Humwachii ghafla siku unayosafiri. Kwanza anapima kilo ukimwangalia, kisha anapokea hela, kisha unakwenda msikitini au kanisani ukirudi unahesabu naye. Fanya vivyo hivyo na moyo wake katika miezi hii iliyobaki. Wiki hii mpe faili alisome, hata kama ni la Kiingereza na lina maneno magumu. Ayaandike yale asiyoyaelewa, awe na cha kumuuliza daktari. Kupiga simu kuomba tarehe mpya iwe kazi yake. Kama anatumia dawa, yeye ndiye aseme zinakwisha lini. Akikosea, msahihishe bila kumnyang'anya.

Ajue jina la kasoro aliyozaliwa nayo, alifanyiwa nini, mwaka gani na hospitali gani, na eko ya mwisho ilisema nini kuhusu valvu na chumba cha kulia. Akiyajua hayo, daktari yeyote atakayemkuta usiku Tabora au Songea ana pa kuanzia. Asipoyajua, atapokewa kama binti mwenye kovu kifuani asiyejua lilitoka wapi.

Kisha karatasi. Daktari wa watoto aandike barua ya kumkabidhi kwa wenzake wa watu wazima, yenye historia yote, vipimo vya mwisho, mambo ya kuangaliwa na tarehe ya kuonwa tena. Iombe kwa upole, lakini usitoke bila hiyo barua au bila kujua siku ya kuifuata. Kama mnahudhuria mahali ambapo watoto na watu wazima wanatibiwa chini ya paa moja, kama ilivyo pale Taasisi ya Jakaya Kikwete, ulizeni ni kliniki ipi na siku ipi wanaonwa watu wazima waliozaliwa na kasoro za moyo, na kama inawezekana aonyeshwe mahali na daktari wake kabla hajahama rasmi. Muhtasari wa upasuaji mliopewa India ndio karatasi yenye thamani kuliko zote. Utoeni nakala, upigeni picha, ukae kwenye simu yake na yako. Nimeona mafaili yakiliwa na mchwa na mengine yakilowa kwenye mafuriko.

Wakati mnashughulikia karatasi, uliza pia habari ya bima. Kama anatibiwa kwa kadi kama mtegemezi wako au kama mtoto, fika ofisi za bima ujue kadi hiyo inakoma akiwa na umri gani na baada yake anajiunga vipi. Eko na safari ni gharama, na si vizuri kugundua dirishani kwamba kadi imekufa.

Sasa shule. Fomu ya kujiunga na kidato cha tano ina sehemu ya uchunguzi wa afya. Jazeni ukweli. Mama mkwe wako anampenda mjukuu wake na anaogopa maneno ya watu, lakini matroni asiyejua lolote ndiye atakayemwona binti amezirai kwenye mchakamchaka alfajiri akadhani ana njaa, au ana mapepo. Si lazima shule nzima ijue. Inatosha mkuu wa shule, matroni na mwalimu wa michezo, wakiwa na barua ya daktari inayosema anaweza kufanya nini na nini asifanye. Nasisitiza barua ya daktari kwa sababu wazazi na walimu hupenda kukataza kila kitu. Wengi waliorekebishwa vizuri wanaruhusiwa mazoezi, na mazoezi yanaufaa moyo wao. Kiwango anakipanga daktari baada ya vipimo. Uliza na habari ya ndoo. Akiruhusiwa, mwache abebe, maana bwenini hakuna atakayembebea.

Kuna mambo mawili ambayo akiwa mbali nawe hayana budi kuwa kichwani mwake. La kwanza ni meno. Bakteria wa jino bovu au fizi inayotoka damu wanaweza kuingia kwenye damu wakashambulia utando wa ndani wa moyo, na walio na valvu mbovu au viraka ndio walio hatarini zaidi. Kupiga mswaki asubuhi na usiku na kumwona daktari wa meno kwake ni sehemu ya matibabu ya moyo. Daktari wa moyo aandike kama anahitaji dozi ya antibaiotiki kabla ya kung'oa jino. Wapo wanaohitaji na wapo wasiohitaji, kwa hiyo asikisie. La pili ni homa. Kwetu mtu akichemka mwili ni malaria au taifodi, anakwenda duka la dawa ananunua vidonge. Yeye, malaria ikipimwa ikakosekana na homa ikaendelea kwa siku kadhaa, asimeze antibaiotiki ya dukani. Aende hospitali aseme, "Nilifanyiwa upasuaji wa moyo, naomba damu yangu ioteshwe." Sentensi hiyo aijue kwa moyo. Antibaiotiki ikitangulia, kipimo hicho kinaweza kushindwa kuona mdudu. Na akizirai, au mapigo yakienda mbio yasitulie, au pumzi ikianza kumwishia kwa kazi aliyoizoea, au miguu ikavimba, hakuna kungoja likizo.

Ataweza kuzaa? Swali lako halina aibu yoyote. Wanawake wengi waliorekebishwa kasoro hii vizuri wanabeba mimba na kujifungua salama. Sharti ni kwamba moyo upimwe kabla ya mimba, na mimba ifuatiliwe na daktari wa moyo pamoja na wa uzazi. Kama valvu inavuja sana, pengine itarekebishwa kwanza. Zipo dawa za moyo zinazodhuru kichanga tumboni, na ipo njia ya uzazi wa mpango, vidonge vyenye homoni ya estrojeni, inayoongeza uwezekano wa damu kuganda na isiyofaa kwa baadhi ya wenye matatizo ya moyo. Ndiyo maana mazungumzo haya yanafanywa mapema, kabla hajapata mchumba. Uwezekano wa mtoto wake kuzaliwa na kasoro ya moyo ni takriban 3 hadi 5 katika 100, na kwa watu wote ni karibu 1 katika 100. Wengi mno wa watoto wao huzaliwa na mioyo mizima.

Haya kungwi hawezi kumfundisha, na wewe ukiona haya, mwachie daktari. Hiyo nayo ni faida ya kumwacha aingie peke yake, kwani yapo maswali ambayo binti wa miaka 17 hawezi kuyatamka mama yake akiwa kando. Na mama mkwe mwambie hivi kwa heshima: mume anayestahili kumwoa mjukuu wake ni yule atakayeambiwa habari za moyo wake kabla ya mahari, akabaki. Ndoa ya kuficha itavunjikia wodini, siku mimba inapomlemea na hakuna anayejua kwa nini.

Ukurasa huu ukimaliza kuusoma, mwachie mezani. Mistari inayofuata ni yake.

Mwanangu, nimesikia hutaki kukaa na wazee wenye presha, na sikulaumu. Umepimwa tangu hujajua kusoma, umevuliwa blauzi mbele ya madaktari wengi, na hakuna aliyekuuliza unajisikiaje. Nadhani kovu la kifuani nalo linakusumbua unapofikiria bafu la bweni. Watakuuliza, wasichana ni wadadisi. Tafuta jibu lako sasa, fupi, la kweli. "Nilizaliwa na moyo wenye kasoro, nikapasuliwa nikiwa mdogo" linatosha, wala hudaiwi maelezo zaidi. Kliniki ya watu wazima utakaa na wazee, ndiyo. Lakini utaingia kwa jina lako, utaulizwa wewe na utaamua wewe. Ukitaka kusoma udaktari, kucheza mpira, kuolewa au kutoolewa, yote hayo yanataka moyo ambao mtu ameuangalia mwaka huu. Na ukiwa umechoka, mwambie daktari umechoka. Hilo nalo ni la kliniki.

Nanyi madaktari na wauguzi wa kliniki za watoto mnaosoma ukurasa huu, foleni zenu nazijua. Lakini "ukifikisha 18 utahamia" haitoshi kumwambia mtoto mliyemlea tangu ana miaka minne. Anzeni kuzungumza naye akiwa na miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, dakika tano tano kila mwaka, na siku ya kuondoka mpeni jina la anayekwenda kumpokea na tarehe.

Mwanangu wa Morogoro, tarehe mliyoikosa mwezi wa sita iombeni upya wiki hii, yeye akiwa ndiye mwenye simu. Mitihani ikiwa karibu, chagueni siku iliyo mara tu baada ya karatasi ya mwisho, na msisogeze tena. Mkishajua shule aliyopangiwa, mwulizeni daktari hospitali ya rufaa iliyo karibu nayo ambako anaweza kukimbilia, na kliniki ya kawaida ipangwe likizo ya Desemba na ya Juni. Siku ya safari, faili liwe ndani ya begi lake. Wewe bakia na nakala.